Kila Saa Nane

Kibao cha kwanza cha breli nilichotengeneza nilimpelekea mwalimu mmoja wa Kianjai, kipofu tangu utotoni, ambaye amefundisha watoto wanaoona na wasioona katika darasa moja kwa miaka mingi. Alikipapasa mbele, akakipapasa nyuma, akakigonga mezani kusikia kinavyolia. Kisha akanirudishia.

"Fundi, hii ni kitu safi sana," akasema. "Ya kuangalia."

Nilikasirika, na sikuweza kuficha, maana mwalimu yule husikia hasira hata katika namna mtu anavyovuta kiti. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili. Breli ni nukta sita tu, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, na anayeandika huzibonyeza kwenye karatasi kwa msumari butu kupitia vidirisha vya kibao, kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawasawa. Vibao vya dukani hutoka ng'ambo na bei yake hutoka huko huko. Mimi nilikuwa nimechukua bomba la maji la plastiki, nikalipasua, nikalilainisha juu ya jiko, nikalilaza chini ya matofali mpaka likanyooka, nikachonga vidirisha kimoja kimoja kwa tupa. Mwisho nikakipiga msasa na kukipaka rangi ya samawati. Hapo ndipo nilipoharibu. Kilikuwa laini kama kipande cha sabuni, na kidole hakikujua dirisha linaanzia wapi.

"Ulijaribu wewe mwenyewe?" mwalimu akauliza.

"Nilijaribu. Nilifunga macho nikaandika jina langu."

"Ukifunga macho unajua utafungua," akasema. "Hiyo si test. Next time uliza kwanza, ndio ukate."

Nilimchukia kwa siku tatu hivi. Siku ya nne nilirudi na kibao kingine, kibaya cha kutazama, chenye kingo zinazokwaruza, na tangu hapo hakuna kitu kilichotoka karakanani kwangu bila kupitia vidole vyake.

Karakana yenyewe ni chumba cha mabati nyuma ya soko la Gakoromone. Wanawake wa kabichi hupita mlangoni wakinisalimu kwa Kimeru, si kwa mapenzi, bali wapate kucheka jibu langu, kwa sababu mimi ni Mmbeere wa Gachoka na Kimeru changu hakijawahi kunyooka. Tena mimi sikai. Mama husema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani, na tangu siku hiyo sijamngoja mtu. Chai yangu hupoa kila siku. Nikiwa Meru nafikiria Gachoka, nikifika Gachoka natafuta sababu ya kurudi Meru. Naanza kitu cha pili kabla cha kwanza hakijakauka gundi. Tabia hii imenifanya nibuni vitu vingi vya bei ndogo ambavyo watu wasioona wanavitumia. Imemgharimu mama yangu kitu ambacho siwezi kukibuni.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha bila yeye kujua. Aligundua siku alipokuwa akipepeta kunde, vumbi likamwingia la kushoto, akalifumba, akakuta dunia imezimika. La kushoto lilikuwa limebaki na duara la katikati, kama mtu anayechungulia kupitia mwanzi. Daktari wa macho mjini Embu alimwambia wazi kwamba dawa haitarudisha kilichoondoka, italinda kilichobaki. Na mama alililinda duara lile kuliko mbuzi wake. Kwa duara lile alijilisha, alifika kanisani peke yake, alijua nani anakuja njiani na nani anajifanya hajamwona. Likiisha, angelazimika kuhama boma lake aje kukaa kwenye vyumba vyangu viwili Meru. Jambo hilo aliliogopa kuliko giza lenyewe. Nikisema ukweli, hata mimi niliogopa.

Siku moja alinipigia simu akitoka kliniki, ambako jirani alikuwa amempeleka. Nilikuwa nimeshika simu kwa bega huku nikikata bati.

"Wamenibadilishia dawa," akasema. "Ile ya kwanza haikuwa na nguvu. Nesi amesema ni kila saa nane."

"Saa nane ya mchana ama ya usiku?"

"Ya usiku nitaamka nimfanyie nani? Ni ya mchana, baba."

Tukacheka wote wawili. Akaendelea kumsifu nesi, kwamba ni msichana wa Pwani, na Kiswahili chake kinatoka kimenyooka mpaka mtu anaona haya kumjibu. Mimi nilisema sawa, sawa, na kukata simu, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaanza kuchora.

Tatizo lilikuwa moja: mama angejuaje kwamba ni saa nane? Saa ya ukutani hakuweza tena kuisoma. Simu yake ni kabambe, ya vibonyezo, na mara nyingi huwa dukani ikichajiwa. Kuna saa za mkononi zinazoongea, nilikuwa nimemletea moja, lakini ilitangaza kwa Kiingereza cha puani, na mama alisema hawezi kuanza siku kwa kugombana na mzungu aliyefungwa mkononi.

Kwa hiyo nilinunua saa ya ukutani ya bei rahisi. Nikatoa kioo. Mishale nikaibandikia vipande vyembamba vya bati la kopo la soda ili isipinde ikiguswa, nikalazimika kuvipunguza mara nne kwa sababu mashine ilikuwa inashindwa kuvizungusha. Penye namba nikapigilia misumari midogo ya fundi viatu, vichwa vikiwa juu, na kwenye saa sita nikapigilia miwili. Halafu nikakata kifungo kutoka kwa soli ya ndara, kinene, nikakigundisha pale mshale mfupi unapofika saa nane. Mtu akipitisha kidole, mshale ukikutana na mpira, dawa.

Mwalimu wa Kianjai aliishika muda mrefu. "Na hiki kifungo?"

"Dawa ya mama. Saa nane."

"Hii sasa ni saa," akasema. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilitoka pale natembea kama nimeokoka.

Mama alijifunza kuisoma mchana mmoja. Vidole vyake vimechuma muguka maisha yote, vinajua jani changa na lililokomaa bila kuuliza macho. Aliitundika karibu na mlango, kimo cha kifua, na kila siku baada ya chakula aliisogelea na kuipapasa mpaka mshale uguse mpira. Hakukosa hata siku moja. Hilo naweza kuapa. Alijisifu kanisani, akawaleta wenzake wa kikundi cha akina mama waje kuigusa, na mmoja akasema mtoto kama huyu si hasara. Mimi niliposikia hivyo nilitengeneza nyingine tisa, moja ya mzee mchinjaji wa Majengo aliyeanza kupoteza macho kwa sukari, nyingine za watu walionijia kupitia mwalimu. Kitu changu kilikuwa kinatumika kila siku bila kuharibika. Nilidhani nimefika.

Kulikuwa na dalili, na tuliiona, na tuliifurahia. Chupa ya dawa haikuisha. Mama alikuwa amepewa mbili, na wenzake wa kliniki walikuwa wanalalamika kwamba chupa haimalizi mwezi, lakini yake iliendelea na kuendelea.

"Hii dawa ina baraka," aliniambia. "Ni kama ile chupa ya mafuta ya mjane."

Ilipoisha hatimaye, aliniwekea ile tupu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhangaikia kitu kingine. Alikuwa akipoteza matone. Mkono ulitetemeka, moja shavuni, moja kwenye kope. Nilitaka kutengeneza kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya jicho, chenye tundu la kushika chupa wima ili tone lianguke mahali pake. Nikachukua chupa ile tupu nikaipeleka Meru kama kipimo. Niliipima shingo, nikapima tumbo, nikapima mahali kidole gumba kinapokaa. Nilijua unene wake kwa nusu milimita. Ilikaa kwenye meza yangu ya kazi mvua nzima ya masika, nikiishika, nikiiweka, nikiishika tena.

Kikombe kilipokamilika nilisema safari hii nitampeleka kliniki mimi mwenyewe, nimwonyeshe daktari. Nilikuwa na mawazo makubwa. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilitoka nje mara sita, nikanunua ndizi ambazo sikuzila, nikarudi, nikamuuliza mama kama anataka maji, akaniambia nikae kama mtu.

Daktari alimpima, akampima tena. Akavuta faili.

"Mama, presha imepanda sana, na duara limefinyika zaidi. Dawa unaitia?"

"Bila kukosa, daktari. Saa nane kamili. Kijana wangu alinitengenezea saa."

"Na zile nyingine mbili?"

"Mbili zipi?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kila saa nane, mama. Unatia, unahesabu saa nane, unatia tena. Mara tatu kwa siku."

Nakumbuka mama alivyogeuza uso upande wangu, halafu akaurudisha kwa daktari haraka, kama mtu aliyekosea mlango. Akaanza kuomba msamaha. Akasema ni yeye, amesikia vibaya, ni masikio ya uzee, nesi alimwambia vizuri kabisa. Alisema hivyo mara tatu. Mimi nilikuwa na kikombe mfukoni, na nilikishika humo humo, na sikusema neno.

Njiani nilitaka kumlaumu yule nesi, na nilimtafutia kosa kwa muda. Hakuwa nalo. Alisema Kiswahili sanifu. Sisi huku bara tukitaka kusema muda husema masaa: masaa mawili, masaa manane. Nilipokuwa shule ya msingi tulichapwa kwa neno hilo. Masaa hayapo, tuliambiwa, ni saa, ikiwa moja ni saa, zikiwa mbili ni saa. Tulichapwa, tukatoka nje ya lango, tukaendelea kusema masaa, kwa sababu sisi tunalihitaji. Saa nane kwetu ni wakati, jua likiwa limepita utosini kidogo. Masaa manane ni urefu. Nesi angesema kila masaa manane, kwa Kiswahili kibovu kama chetu, mama angeelewa hata akiwa usingizini. Laiti angekosea.

Niliishika fikra hiyo kwa nguvu siku nzima. Ilikuwa nzuri, ilinifaa. Kosa lilikuwa la lugha, na lugha haina mtu wa kumkamata.

Kesho yake nikafungua karakana, na chupa ilikuwa mezani. Ile tupu, ya kipimo. Niliichukua ili niiondoe machoni, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza nikasoma karatasi iliyobandikwa. Ilikuwa imepigwa chapa, kwa Kiingereza kisicho na utata wowote, na chini yake mtu wa dawa alikuwa ameongeza kwa kalamu: moja, mara tatu. Haikuwa imefutika. Haikuwa na doa. Mimi nina macho mazuri, sivai hata miwani, na chupa ile ilikuwa mkononi mwangu miezi miwili. Niliipima kila upande ila upande wa maneno.

Nilikaa chini. Ndiyo, mimi, nilikaa, mpaka mwanamke wa kabichi akachungulia kuuliza kama naumwa.

Kisha nikaondoka mbio, maana kulikuwa na saa nyingine tisa. Nilizifuata moja moja siku mbili mfululizo, nikimwomba kila mtu anitolee dawa zake, nikizisoma kwa sauti mara mbili. Zilikuwa sawa. Mzee mchinjaji wa Majengo alinitazama kwa upande wa jicho linaloona kidogo. Yake ilikuwa na vifungo vitano.

"Hizi ni za swala, kijana yangu," akasema kwa upole. "Hapa hakuna dawa. Na swala nazijua tangu nikiwa mdogo, hii saa naipenda tu."

Kwa mwalimu nilifika nimechoka. Nilimweleza yote, nikamalizia kwa kusema saa ilikosea.

"Saa haikukosea," akasema. "Ilifanya kazi poa kabisa. Bila saa yako, mama angesahau siku moja, angemuuliza mtu, na huyo mtu angesoma chupa. Wewe ulimpa kitu haina kuuliza."

Halafu akasema jambo la kazi, kama kawaida yake: vifungo vitatu visifanane. Mshale mfupi hupita kila mahali mara mbili kwa siku, mchana na usiku, kwa hiyo vidole vijue ni kifungo cha wakati gani. Nikafanya hivyo. Cha saa kumi na mbili asubuhi nikakibandika msasa. Cha saa nane mchana nikakiacha laini. Cha saa nne usiku nikakitoboa katikati.

Nilienda Gachoka siku ya Jumamosi. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichagua ndengu kwenye ungo, na nilipovuka ua hakuinua uso mpaka nilipomsalimu. Nilitundika saa. Akaja akaipapasa, kifungo kwa kifungo, akinitajia kila kimoja na wakati wake, na akauliza, "Hii ya shimo ni ya kulala?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye ndengu. Ningeweza kuondoka hapo, na miguu ilitaka.

"Mama," nikasema. "Si wewe uliyesikia vibaya."

"Achana na hayo. Nesi alisema, mimi nikasikia yangu."

"Imeandikwa kwa chupa. Ile tupu uliyonipa. Mara tatu, imeandikwa. Ilikuwa kwangu tangu mvua ianze, na sikuisoma."

Vidole vyake vilitafuta jiwe kwenye ndengu, vikalipata, vikalitupa.

"Maandishi madogo?"

"Hapana. Yanaonekana."

"Ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nilikuwa naipima."

Kuku walipita kati yetu. Nilitaka anitukane, maana matusi yana mwisho. Nikasema nisamehe, nikaona neno lenyewe ni jepesi, nikalirudia, na sikuweza kuendelea kwa sababu nilikuwa nalia kama mtoto na sikutaka asikie, naye alikuwa anasikia.

"Nilimwomba yule daktari msamaha," akasema hatimaye. "Nikaja hapa nikamwomba Mungu. Kila siku najiambia, wewe mwanamke, jicho lako umelimaliza na masikio yako. Na wewe ulikuwa umekaa hapo kando yangu."

"Nilikuwa sijaisoma bado, siku ile."

"Lakini ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Aliweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye leso, pole pole, kidole kwa kidole.

"Hizo nukta za mwalimu wako," akasema. "Mtu huchukua muda gani kuzijua?"

Mama hakuwahi kutaka kusikia habari za breli. Nilijaribu mara nyingi kumwambia, akanijibu kwamba hiyo ni ya vipofu. Sasa nikajikuta ni mimi ninayepinga. "Lakini wewe bado unaona, mama. Daktari alisema tukishika dawa vizuri..."

"Sijakuuliza kama naona. Nimekuuliza muda."

"Mwenye vidole kama vyako, miezi michache."

"Basi anza. Halafu uniandikie kila chupa inayoingia kwa hii nyumba. Sitaki kusomewa tena na mtu ana haraka."

Nilikuwa na kibao kwenye mkoba, kipo humo siku zote, na karatasi ngumu ya kalenda ya zamani. Nikabonyeza herufi ya kwanza, ambayo ni nukta moja tu, nikaigeuza karatasi, nikaiweka juu ya magoti yake. Nikaushika mkono wake niuelekeze. Akaniambia niuache, ataitafuta mwenyewe.